Ada Kubwa au Ada Nafuu: Namna ya Kulinganisha Shahada za Uhasibu

"Mdogo wangu amekubaliwa kusoma shahada ya uhasibu katika vyuo vitatu, nami ndiye nitakayemlipia. Cha kwanza ni chuo kikuu chenye jina, na ada yake inakaribia mara mbili ya cha pili, ambacho ni chuo cha kawaida kisichovuma sana. Cha tatu hufundisha kwa njia ya mtandao. Ada yake ni nafuu mno, lakini masomo yanachukua miaka 4 badala ya 3. Nikimpeleka cha kwanza itanibidi nikope. Baadhi ya ndugu wananiambia jina la chuo litajilipa lenyewe mara tu atakapoajiriwa. Wengine wanasema debiti na krediti ni zilezile popote, nisipoteze fedha. Nimezilinganisha ada hizo mara nyingi na bado sijui niamue vipi. Nitazame nini?"

Ndugu yangu, swali lako lina hofu mbili ndani yake, na zote zina msingi. Unaogopa kulipa fedha nyingi kwa kitu ambacho kingepatikana kwa nusu yake, na papo hapo unaogopa kwamba ukichagua cha nafuu mdogo wako atakuja kukwama, nawe utajilaumu. Nadhani kinachokufanya ushindwe kuamua ni kwamba umekuwa ukiziweka ada tatu kando kwa kando na kusubiri zikwambie jambo ambalo haziwezi kulisema. Ada ni sehemu moja tu ya gharama, tena ni gharama ya kufikia shahada, ilhali katika uhasibu shahada siyo kituo cha mwisho.

Niliweke hilo wazi kwanza, kwa sababu ndilo linalobadilisha hesabu yote. Mtu mwenye shahada ya uhasibu anaweza kuajiriwa kama mhasibu msaidizi, karani wa hesabu au mkaguzi mwanafunzi, lakini katika nchi nyingi hawezi kutia saini ripoti ya ukaguzi wala kujitangaza kuwa mhasibu aliyesajiliwa mpaka afaulu mitihani ya chombo cha taaluma, yaani chama au bodi inayosajili wahasibu, na atimize muda wa kazi chini ya usimamizi. Chukua mfano wa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu kilichoanzishwa London mwaka 1904 na chenye watahiniwa duniani kote. Muundo wake uliozoeleka una mitihani 13, na juu ya mitihani hiyo kuna miezi 36 ya uzoefu wa kazi inayothibitishwa na msimamizi. Marekani nayo imezoea kudai saa 150 za masomo ya chuo kabla ya leseni ya CPA, yaani ya mhasibu aliyesajiliwa wa huko, wakati shahada ya kwanza ya kawaida ina saa 120 hivi. Kwa hiyo aliyelinganisha bei za shahada pekee alikuwa ameacha nje sehemu moja nzima ya tano ya masomo yatakayodaiwa. Baadhi ya majimbo, Ohio likiwemo, yamepitisha sheria zinazoruhusu njia nyingine ya shahada ya kwanza pamoja na miaka 2 ya uzoefu, na badiliko hilo moja linageuza hesabu ya familia nyingi. Swali la kuuliza, basi, ni hili: kutoka siku atakayojiandikisha chuoni mpaka siku atakayosajiliwa, itatumika fedha kiasi gani na miaka mingapi, kwa kila chuo kati ya hivi vitatu?

Hapa ndipo inapoingia misamaha ya mitihani, na ningependa uielewe vizuri kwa sababu vyuo huitangaza kwa sauti kubwa na kuieleza kwa sauti ndogo. Chombo cha taaluma hupokea mtaala wa chuo, mitihani yake na namna inavyosahihishwa, kisha hulinganisha na masomo yake chenyewe. Kikiridhika kwamba somo la chuo limefunika yale yale kwa kina kile kile, humsamehe mhitimu mtihani unaolingana nalo. ACCA husamehe hadi mitihani 9 kati ya 13. Mitihani 4 ya ngazi ya juu haisamehewi mtu yeyote, awe ametoka chuo gani. Msamaha hutolewa kwa programu mahususi, haufuati jina la chuo. Chuo kimoja kinaweza kuwa na shahada ya uhasibu yenye misamaha 9 na shahada ya biashara yenye misamaha 3, na mwanafunzi asiyejua akajikuta kwenye hiyo ya pili. Kibali hicho huwa na muda wake, na mara nyingine humtaka mhitimu awe amefaulu masomo fulani ya hiari ambayo hakuna aliyemwambia ayachague. Pia kila msamaha hulipiwa. Neno hilo lisikudanganye ukadhani ni bure. Tovuti ya ACCA ina kikokotoo ambacho unakitajia chuo, programu na mwaka wa kuhitimu, nacho kinakuonyesha mitihani inayosamehewa. Vyombo vingine vingi vya taaluma vina orodha za namna hiyo, au ofisi ya usajili wa wanafunzi inayojibu swali hilo kwa barua.

Sasa tufanye hesabu. Kwa kuwa sijui sarafu yako wala ada kamili, tuchukulie kuwa ada ya mwaka ya chuo cha pili ni 100, na vingine vyote tuvipime kwa kipimo hicho. Wewe utaweka namba zako halisi. Chuo cha kwanza ada yake ni 190 kwa mwaka, na malazi, chakula na nauli ni 80. Chuo cha pili ni 100 na 60. Chuo cha mtandao ni 55, naye atakaa nyumbani, kwa hiyo tuongeze 10 tu za intaneti. Mpaka shahada, chuo cha kwanza kitakugharimu 810 kwa miaka 3, cha pili 480 kwa miaka 3, na cha tatu 260 kwa miaka 4. Wengi huishia hapo.

Tuendelee. Tuseme mtihani mmoja wa taaluma, pamoja na vitabu na darasa la marudio, unagharimu 20, na msamaha mmoja unalipiwa 8. Chuo cha kwanza kina misamaha 9, cha pili 7, cha tatu 2. Mhitimu wa chuo cha kwanza atabakiwa na mitihani 4, na jumla yake pamoja na ada za misamaha ni 152. Wa chuo cha pili atabakiwa na mitihani 6, jumla 176. Wa chuo cha tatu atabakiwa na mitihani 11, jumla 236. Gharama kamili mpaka mtihani wa mwisho inakuwa 962, 656 na 496. Tazama kilichotokea: tofauti kati ya chuo cha pili na cha mtandao, iliyokuwa 220, imeshuka hadi 160, wakati chuo cha kwanza kimebaki juu ya cha pili kwa 306.

Na muda je? Mtu aliyeajiriwa, akisoma jioni na mwisho wa wiki, anaweza kumudu mitihani 4 kwa mwaka akijitahidi. Wa chuo cha kwanza atamaliza mitihani mwaka wa 4 tangu aanze chuo, wa chuo cha pili katikati ya mwaka wa 5, na wa chuo cha mtandao mwishoni mwa mwaka wa 7. Ungedhani chuo cha kwanza kimempa mdogo wako nusu mwaka wa faida. Lakini kumbuka ile miezi 36 ya uzoefu. Ikiwa ataanza kazi baada ya kuhitimu, wahitimu wa chuo cha kwanza na cha pili wote watatimiza uzoefu mwishoni mwa mwaka wa 6, na kufaulu mapema hakutamsajili yeyote kabla ya hapo. Nusu mwaka ile haimo tena, labda kwa nyongeza ndogo ya mshahara ambayo baadhi ya waajiri humpa aliyemaliza mitihani. Wa chuo cha mtandao, hata akianza kazi baada ya kuhitimu tu, atasajiliwa mwaka wa 7, yaani mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Na ikiwa tayari yuko kwenye ofisi ya hesabu huku akisoma, uzoefu wake utahesabika akiwa bado mwanafunzi, atakuwa anaingiza kipato miaka yote hiyo, na kitakachomchelewesha ni wingi wa mitihani peke yake.

Kwa hiyo wale ndugu wanaosema debiti na krediti ni zilezile popote wanasema kweli kuhusu debiti na krediti, lakini uhasibu unaofundishwa si uleule popote. Kuna njia rahisi ya kulipima hilo. Omba muhtasari wa somo la utoaji wa taarifa za fedha la mwaka wa pili au wa tatu, utafute mada ya ukodishaji. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IAS 17, ambayo kwayo kampuni iliyokodi jengo kwa miaka 5 kwa mkataba wa kawaida iliandika kodi ya kila mwaka kama gharama, na mizania yake, yaani taarifa ya mali na madeni, haikuonyesha kitu. Tangu Januari 2019 kanuni hiyo imeondolewa na IFRS 16 imechukua nafasi yake: kampuni ileile sasa inaonyesha kwenye mizania haki ya kutumia jengo kama mali, na malipo yaliyobaki kama deni. Ukikuta muhtasari bado umeandika IAS 17, au mapato bado yanafundishwa kwa IAS 18 iliyoondolewa mwaka 2018, ujue mtaala huo haujaguswa kwa muda mrefu, na mdogo wako atalipa mara ya pili kujifunza upya. Vivyo hivyo, chuo kinachojali kitakuwa kimeanza kuzungumzia IFRS 18, kanuni mpya ya namna ya kupanga taarifa za fedha, iliyotolewa mwaka 2024 na inayoanza kutumika Januari 2027, kwa kuwa ndiyo atakayoikuta kazini. Muhtasari mmoja wa kurasa chache utakwambia zaidi ya picha zote za majengo.

Fanya na jambo jingine la karibu. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kila chuo, umwombe akuonyeshe zoezi alilofanya la kusuluhisha hesabu ya benki au la kuandaa urari, yaani orodha ya kuhakiki kwamba debiti na krediti zinalingana, na kurekebisha makosa, kisha umuulize lilisahihishwa vipi. Mahali ambapo zoezi hurudi lina maandishi ya mwalimu pembeni, ada inafanya kazi. Mahali ambapo zoezi halirudi, au hurudi na alama tu, mwanafunzi anajifundisha mwenyewe na kulipia cheti.

Niseme pia kwamba mimi si shabiki wa misamaha inayopatikana kirahisi. Nimefundisha watu waliosamehewa mitihani 9 na kuikabili ile ya juu bila kujua kuandaa mtiririko wa fedha, kwa sababu chuoni walipita kwa kukariri. Mitihani ya ngazi ya juu haimwulizi mtu fasili. Inampa kampuni yenye matatizo na kumtaka aamue na kutetea uamuzi wake. Aliyesamehewa bila kuelewa huirudia, na kila kurudia ni ada mpya. Basi usihesabu misamaha tu. Uliza wahitimu wa chuo hicho wanafaulu vipi mitihani iliyobaki.

Tuje kwenye jina la chuo. Je, litajilipa lenyewe? Mwaka 2002 wanauchumi wa Marekani Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliokubaliwa katika vyuo vyenye ushindani mkubwa wakaenda huko, na wengine waliokubaliwa na vyuo vya aina hiyo lakini wakachagua kwingine. Kwa jumla mapato yao ya baadaye hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Uwezo na bidii ya mwanafunzi ndivyo vilivyoonekana kubeba uzito. Hata hivyo, waliotoka familia za kipato cha chini walifaidika kwa kusoma kwenye vyuo hivyo. Naona sababu yake iko wazi: kijana ambaye nyumbani kwao hakuna anayefahamiana na waajiri hupata chuoni watu ambao asingekutana nao kwingine. Katika uhasibu faida hiyo ina sura ya dhahiri, nayo ni mlango wa kazi ya kwanza. Kampuni kubwa za ukaguzi, yaani Deloitte, PwC, EY na KPMG, huwa na vyuo ambavyo huvitembelea kila mwaka kutafuta wakaguzi wanafunzi, na mara nyingi humlipia mwajiriwa mitihani ya taaluma na kumpa nafasi ya kujiandaa. Kama chuo cha kwanza kinatembelewa na cha pili hakitembelewi, zile 306 zinaanza kuwa na jibu. Kama vyote viwili vinatembelewa, au hakuna kinachotembelewa, jina linakuuzia heshima, na heshima hiyo hupungua uzito miaka michache baada ya kusajiliwa, mwajiri anapoanza kuuliza umekagua nini na umesimamia nini.

Usiridhike na jibu la ofisi ya udahili kuhusu jambo hili. Uliza majina ya kampuni zilizokuja mwaka uliopita na idadi ya waliochukuliwa, kisha uliza wahitimu wenyewe. Uliza pia, kati ya wanafunzi 100 walioanza programu hii, wangapi walihitimu kwa muda uliopangwa. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa maana mwaka mmoja wa nyongeza katika chuo cha kwanza ni 270 kwa kipimo chetu, na kwa aliyeacha masomo katikati kila kilicholipwa kimekwenda bila shahada. Programu za mtandao ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi upande huu. Si kwamba ufundishaji wake lazima uwe duni, maana ipo mizuri sana. Ugumu ni kwamba hakuna anayegundua mwanafunzi anapoanza kurudi nyuma, na somo la uhasibu halisamehi pengo: asiyeelewa marekebisho ya mwisho wa mwaka hawezi kuelewa hesabu za makampuni yaliyoungana.

Kuhusu mkopo, nataka uwe mwangalifu kupita kiasi. Ukikopa zile 306 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na kuzirejesha kwa awamu 10 za kila mwaka, utalipa 54 hivi kila mwaka, na jumla itakuwa takriban 542. Hapo sijahesabu riba inayoweza kulimbikizwa akiwa bado chuoni, na mikopo mingi hufanya hivyo. Chuo cha kwanza, basi, hakikuzidi cha pili kwa 306. Kimezidi kwa 542, na ongezeko lote ni la riba. Ingekuwa umepata ufadhili wa sehemu, au chuo kinakubali ada kwa awamu bila riba, ningekwambia hesabu upya, kwa sababu ada iliyotangazwa na ada inayolipwa hasa mara nyingi si kitu kimoja. Andika barua ya kuomba nafuu kabla ya kuamua. Vyuo vyenye jina ndivyo mara nyingi vyenye mifuko ya ufadhili, na wengi hawaombi kwa kudhani wamechelewa.

Kwa uliyonieleza, mimi ningeanza na chuo cha pili, kwa masharti mawili: programu iwe na ithibati ya mamlaka ya elimu ya juu pamoja na misamaha iliyothibitishwa na chombo cha taaluma chenyewe, na mtaala uwe umepita ule mtihani wa IFRS 16. Ningehamia chuo cha kwanza ikiwa ufadhili utaondoa sehemu kubwa ya mkopo, au ikiwa utapata ushahidi wa kweli kwamba kampuni za ukaguzi huchukua wahitimu wake na haziendi kile cha pili. Na ningekichukua chuo cha mtandao bila kusita kwa mtu aliye tayari kwenye ofisi ya hesabu na mwenye nidhamu ya kusoma peke yake. Kwa kijana aliyetoka shule akikaa nyumbani bila kazi, nafuu ya ada hiyo naiogopa. Wewe ndiye unayemjua mdogo wako. Muulize anavyosoma bila kusimamiwa, na muulize pia kama anataka ukaguzi, kodi au hesabu za ndani za kampuni, kwa maana vyuo hutofautiana katika kozi za hiari. Nchini Marekani mtihani wa CPA wenyewe, tangu Januari 2024, una sehemu 3 za lazima na moja ya kuchagua, na kati ya za kuchagua mojawapo ni mifumo ya taarifa na udhibiti. Chuo kisichofundisha chochote kuhusu data na mifumo kitamwacha nyuma.

Yako mambo ambayo maandishi haya hayatoshi kuyamaliza, na kwa hayo nenda uonane na watu ana kwa ana. Kabla hujatia saini mkopo wowote, kaa na ofisa wa mikopo akuandikie jedwali zima la marejesho, likiwa na tarehe riba inapoanza kuhesabiwa na adhabu ya kuchelewa, na umwonyeshe mtu mwingine unayemwamini asiyefaidika na mkopo huo. Nenda kwenye ofisi ya chombo cha taaluma cha nchi ambako mdogo wako anatarajia kufanya kazi, uulize kwa maandishi kama programu hiyo itatambuliwa kwa atakayehitimu mwaka wake. Ikiwa anafikiria kuhamia nchi nyingine baadaye, uliza na huko, kwa kuwa makubaliano ya kutambuana kati ya vyombo vya taaluma yapo kwa baadhi ya nchi na hayapo kwa nyingine. Na kama chuo chochote kitakushinikiza ulipe amana isiyorejeshwa ndani ya siku chache kabla hujapata majibu hayo, omba muda zaidi kwa barua. Wakikataa, usilipe mpaka umekwenda wewe na mdogo wako kuonana na mkuu wa idara ya uhasibu, mkiwa na muhtasari wa masomo mkononi.